Sanduku la Ruti na mali isiyo na daftari

WAFANYABIASHARA wa mpakani wana msemo ambao hakuna asiyeujua: mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeusikia Kagitumba, nimeusikia Gatuna, na nikiwa kijana niliusikia kila siku Ruti, pale malori yanapolala kabla ya kuendelea na safari ya Rwanda na Kongo. Sikujua kwamba siku moja msemo huo ungenigusa mimi mwalimu, nisiyeuza hata kiberiti.

Likizo iliyopita nilivuka Kagitumba asubuhi na mapema, nikapita Mirama Hills na Ntungamo, nikashuka Ruti, nje kidogo ya mji wa Mbarara. Nilikuwa nakwenda kumwona shangazi, dada wa marehemu baba. Jamaa zetu waliporudi Rwanda mwaka 1994, yeye alibaki kwa sababu alikuwa ameolewa na Munyankole. Mimi niliachwa kwake nimalize shule. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nikasoma msingi hukohuko, na sekondari nikasoma Mbarara. Rwanda "nilirudi" mwaka 2001, ingawa sikuwa nimewahi kuiona kwa macho. Wasomaji waliorudi kama mimi wanaelewa utata wa neno hilo.

Nilikuwa na jambo la kumuuliza. Baba alifariki mwaka 2020, mpaka ukiwa bado umefungwa tangu Februari 2019. Shangazi hakuweza kuja kumzika kaka yake. Kabla ya kufa, baba alituachia neno moja: tulitafute kaburi la mama yake huko Nakivale, tulijengee hata kwa mawe tu, lisije likalimwa. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 2022 tukaanza kuulizana. Kila ndugu alisema shangazi ndiye anayejua.

Shangazi alinisikiliza, akanyamaza muda mrefu. Kwa zaidi ya miaka 30 aliuza chai, chapati na katogo kwa madereva wa malori. Leo macho yamefifia na miguu imevimba.

"Mwanangu, mimi mara ya mwisho kwenda pale ni zamani," alisema. "Msalaba ulikuwa wa mti, mchwa wameula. Miti imekatwa, watu wapya wamejenga. Nikisimama pale leo sijui kama nimesimama juu ya mama au juu ya viazi vya watu."

Nikaona safari yangu imekwisha kabla ya kuanza. Ndipo akaongeza, kama mtu anayebadilisha mazungumzo ili asilie: "Na lile sanduku lako la bati chini ya kitanda changu, litoe. Limenichosha."

Nyumbani ni wapi?

Lilikuwa sanduku langu la shule. Ndani yake mlikuwa na madaftari yaliyoliwa na panya, kaptura moja ya shule, na vifurushi 31 vya karatasi za gazeti vilivyokunjwa kama bahasha na kufungwa kwa katani. Nilivikumbuka mara moja. Mwaka 1997 mwalimu wetu wa baiolojia alitutuma kukusanya likeni, yale magamba na manyoya ya kijivu, ya kijani na ya machungwa yanayoota juu ya mawe na magome ya miti. Wenzangu walileta tatu au nne wakapata alama zao. Mimi nilipendezwa, nikaendelea kukusanya hadi mwisho wa mwaka.

Wengi hudhani likeni ni ukoga tu au ugonjwa wa mti. Sivyo. Likeni ni viumbe wawili wanaoishi katika nyumba moja. Mmoja ni kuvu, ndugu wa uyoga, ambaye hujenga kuta na kuhifadhi maji. Wa pili ni mwani mdogo sana, ambaye hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Hawana mizizi. Maji huyapata kutoka kwenye mvua, umande, au hata hewa yenye unyevu. Wakikauka hulala kama wafu, wakipata unyevu huamka. Na hukua polepole mno. Nyingi kati ya zile zinazogandamana na jiwe hukua kwa milimita moja kwa mwaka au chini ya hapo.

Nilifungua vifurushi kimoja kimoja. Vingine vilikuwa vumbi tupu. Vilivyosalia vilikuwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, na chini yake neno moja tu: "Nyumbani".

Niliona haya, ndugu msomaji. Nilipata bahati mwaka 2014 ya kutembelea Herbariamu ya Afrika Mashariki iliyoko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Herbariamu ni ghala la mimea mikavu. Ghala lile lilianzishwa na Wajerumani Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, likahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Lina sampuli zinazokaribia milioni moja. Mimea ya kawaida hubanwa na kushikizwa kwenye karatasi ngumu. Likeni hukaushwa tu na kutiwa katika bahasha ya karatasi, na ile inayoshika jiwe huchukuliwa pamoja na kipande cha jiwe lenyewe, kwa nyundo na patasi.

Lakini jambo nililoondoka nalo Nairobi ni kuhusu lebo. Kila sampuli ina kijikaratasi: jina la mmea, mahali ulipochukuliwa, juu ya mti gani au jiwe gani, tarehe, jina la mkusanyaji na namba yake. Lebo ikipotea, sampuli ile hata iwe nzuri vipi haina kazi tena. Ni jani kavu. Mimi hapa Ruti nilikuwa na vifurushi 31 vinavyosema "Nyumbani". Mwaka 1997 nyumbani kwangu kulikuwa Ruti au Nakivale? Au nilikuwa nawaza Rwanda nisiyoijua? Sikukumbuka.

Mzigo wa dereva wa Mombasa

Nilikuwa karibu kulitupa lote. Shangazi akanyoosha mkono, akashika kifurushi kilichokuwa kinene kuliko vingine. Alitoa vishungi vya kijivu cheupe, virefu kama kidole, laini kama kamba za ngozi, akavinusa.

"Hii si ya hapa," alisema. "Hii aliileta yule dereva wa Mombasa, Mswahili mrefu aliyekuwa akikutania kwamba unakusanya takataka. Aliitoa kwenye mti wa ufukweni kwao, upande wa Malindi. Alisema wazee wao walikuwa wakiiuza kwa Wazungu. Aliiita malele."

Malele! Hapo mwalimu ndani yangu akaamka. Nilichukua kipande kidogo nikakiweka kwenye kisahani, nikakidondoshea tone moja la jiki ya kufulia. Papo hapo pale tone lilipogusa pakawa pekundu. Hicho ndicho kipimo wanachotumia wataalamu wa likeni duniani kote, na malele hujibu hivyo kwa sababu ndani yake mna kemikali zinazozaa rangi. Miaka mingi chini ya kitanda haikuiondoa.

Wafanyabiashara wanaosoma ukurasa huu watapenda kujua kwamba malele yaliwahi kuwa mali kwelikweli. Jina lake la kisayansi kwa aina ya pwani yetu ni Roccella montagnei. Katika karne ya 19, ukitazama orodha za bidhaa zilizotoka Zanzibar kwenda Ulaya, utakuta pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, ngozi, na malele pia. Yalichumwa kwenye miti ya pwani ya Waswahili, na hasa pwani kavu ya Benadir, kuanzia Barawa na Marka hadi Mogadishu. Kadiri unavyopanda kaskazini kutoka Lamu mvua hupungua, nchi huwa nusu jangwa, lakini upepo wa bahari huleta unyevu kila siku. Mahali ambapo mahindi hukauka, malele hustawi. Kwa mchumaji hapakuwa na kulima wala kupalilia. Ni kuyabandua, kuyakausha, kuyafunga katika magunia na kuyapakia jahazini.

Huko Ulaya yalisagwa, yakalowekwa katika mkojo uliochacha na kukorogwa wiki kadhaa yapate hewa. Rangi ya zambarau ikatoka, ya kutia hariri na sufu. Siri hiyo inasemekana ilipelekwa Florence, Italia, na mfanyabiashara mmoja karibu na mwaka 1300, baada ya kuona katika safari zake za mashariki jinsi mkojo ulivyobadilisha rangi ya likeni. Ukoo wake ulitajirika, ukaitwa Rucellai kutokana na biashara hiyo, na jina la Roccella lina undugu nalo. Visiwa vya Kanari na Kepuvede vilichumwa kwanza, kisha Angola, Msumbiji, Zanzibar na Benadir.

Mwaka 1856 huko London kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, akitafuta namna ya kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, alikutana kwa bahati na rangi ya zambarau itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Rangi za viwandani zikafuata moja baada ya nyingine, na soko la malele likaporomoka kidogo kidogo. Anayeuza vitenge au mitumba anajua hali hiyo: unaamka siku moja, bidhaa ileile iliyokulisha jana hakuna anayeiulizia.

Kitu kimoja kilibaki. Ile karatasi ya litmasi tunayotumia maabara za shule, inayogeuka nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye besi, asili yake ni likeni za jamaa hii. Nimefundisha litmasi zaidi ya miaka 20, na wakati wote malele yenyewe yalikuwa Ruti, chini ya kitanda cha shangazi.

Jangwa, kesi na moto

Baada ya kipimo kile sikulala. Nilikumbuka niliyosoma kuhusu mahali ambapo likeni ndizo wenyeji hasa: majangwa ya pwani. Kutoka kusini mwa Angola hadi Namibia, jangwa la Namib limeambatana na bahari. Mkondo baridi wa bahari huzuia mvua, lakini huleta ukungu. Mji wa Swakopmund hupata mvua isiyofika milimita 20 katika mwaka wa kawaida, na bado karibu yake, sehemu iitwayo Wlotzkasbaken, ardhi imefunikwa na mashamba ya likeni, mengine ya rangi ya machungwa. Asubuhi ukungu ukipita huwa laini. Adhuhuri ukizishika zinavunjika. Gari likipita mara moja juu yake, alama za magurudumu hubaki miongo mingi. Ndiyo maana Namibia ilitenga Hifadhi ya Taifa ya Dorob mwaka 2010, na madereva wakaagizwa wasitoke barabarani.

Upande wa Angola alifika mwaka 1853 daktari kutoka Austria, Friedrich Welwitsch, akiwa ametumwa na serikali ya Ureno. Alikusanya mimea kwa miaka, pamoja na likeni, hadi jangwa la pwani ya Moçâmedes. Huko mwaka 1859 aliuona ule mmea wa ajabu wa majani mawili ambao leo unaitwa Welwitschia. Alihamia London na mzigo wake ili auchambue, akafia huko mwaka 1872. Mara kukatokea kesi. Wosia wake ulitaka mkusanyo uliofanyiwa kazi ununuliwe na Makumbusho ya Uingereza. Ureno ikasema sisi ndio tuliolipa gharama, mali ni yetu. Mwaka 1875 wakapatana: seti ya kwanza iende Lisbon, seti inayofuata kwa ubora ibaki London. Angola yenyewe haikuwa upande wowote wa kesi. Lakini kwa sababu kila sampuli ilikuwa na lebo yake, waliweza kugawana bila kupoteza habari. Likeni zake zilichambuliwa na Mfini Edvard Vainio, na orodha ikachapishwa mwaka 1901, karibu miaka 30 baada ya mkusanyaji kuzikwa.

Pwani yetu nayo ilikuwa na wakusanyaji. Katika miaka ya 1870 Mjerumani Johann Maria Hildebrandt alitembea Zanzibar, pwani ya Wasomali na nchi ambayo sasa ni Kenya, akikusanya mimea na kuipeleka Berlin. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, katika Vita Kuu ya Pili, herbariamu ya Berlin ilipigwa bomu ikaungua. Sehemu kubwa ya mkusanyo wa Afrika Mashariki ya Kijerumani ikageuka majivu. Kilichookoa habari ni desturi moja ya wakusanyaji: mmea mmoja wanaukata vipande kadhaa, kila kipande na lebo ileile, na kuvituma miji tofauti. Berlin ilipoungua, ndugu za sampuli zile walikuwa hai London, Paris na kwingineko.

Msomaji aliyekimbia nchi yake anaielewa desturi hiyo bila kufundishwa. Wazazi wetu wengi walitoka na hati moja, au bila hata moja. Nyumba ilipochomwa, cheti cha ubatizo, hati ya shamba na picha ya harusi vilikwenda pamoja. Waliokuwa wametuma nakala kwa ndugu wa mbali ndio waliopata pa kuanzia.

Kwa likeni za Afrika Mashariki, kazi kubwa ilifanywa baadaye na watu wawili: Douglas Swinscow, daktari Mwingereza aliyekuwa mhariri katika jarida la matabibu la nchi yake, na Hildur Krog, mwanamke mtaalamu kutoka Oslo, Norwe. Walipanda milima na kupita pwani, wakatoa kitabu chao mwaka 1988. Anayetaka kujua likeni za Kenya, Tanzania au Uganda bado huanzia hapo. Kwa Somalia, mimea mingi iliyokusanywa kabla ya vita imehifadhiwa katika herbariamu ya tropiki iliyoanzishwa Italia mwaka 1904, katika mji uleule wa Florence uliotajirika kwa malele. Anayetaka kuona leo ni nini kiliota kwenye pwani ile zamani hana budi kufungua bahasha za watu wa mbali.

Na lebo zina uzee wake. Mimea ya Rwanda iliyoko Meise, Ubelgiji, na iliyoko kwetu Huye, unaweza kuikuta imeandikwa Astrida, nyingine Butare, nyingine Huye. Anayejua historia anajua ni mji mmoja. Asiyejua atatafuta miji mitatu.

Kifurushi namba 7

Asubuhi iliyofuata nilinunua bahasha za kaki Mbarara, nikarudi Ruti, tukakaa na shangazi barazani. Nilikuwa namwekea kila sampuli kiganjani. Macho yake hayaoni vizuri lakini vidole vyake vinakumbuka, na kumbukumbu zake za mwaka ule zilikuwa safi kuliko zangu. "Hii ni ya mti wa parachichi uliokuwa nyuma ya duka." "Hii ulitoa kwenye nguzo ya kanisa Nyamitanga, ukafukuzwa." "Hii sijui, iache." Nikaandika. Pale aliposema hajui niliandika hajui, kwani lebo ya kubuni ni mbaya kuliko kukosa lebo.

Siku mbili tulifanya hivyo. Siku ya pili jioni nikamwekea namba 7. Kilikuwa kipande cha jiwe, ukubwa wa kiberiti, uso mmoja una madoa ya machungwa na kijivu. Alikizungusha vidoleni, akasimama kuzungusha.

"Hiki tulikuwa wote," alisema polepole. "Tulikwenda Nakivale kupalilia kwa mama. Wewe ulikuwa na nyundo ya fundi viatu. Ulipiga lile jiwe kubwa la kichwani pa kaburi, nikakuchapa kofi. Nilikwambia, unavunja jiwe la bibi yako kwa ajili ya shule?"

Kofi lile nililikumbuka. Jiwe sikuwa nimelikumbuka. Bibi alifariki mwaka 1989. Watu walimchagulia mahali chini ya jiwe pana lililokuwepo tangu awali, ndiyo maana hakuna aliyehangaika kuweka alama ya saruji. Na mimi mwaka 1997 nilikuwa nimetoa kipande chake.

Tulikodi gari dogo kesho yake. Msomaji ambaye hajafika Nakivale kwa miaka mingi asitegemee kuitambua. Makazi yale yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia. Leo wako humo watu zaidi ya 100,000: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na Wanyarwanda pia. Kuna maduka, misikiti, makanisa, na vibanda vya kutumiana fedha kwa simu. Wilaya yenyewe imebadilika jina: wakati wangu tuliandika Mbarara, sasa ni Isingiro. Shangazi alimwongoza dereva kwa ziwa na kwa umbo la kilima, kwa sababu hivyo viwili havikuhama.

Tulifika kwenye shamba la mahindi na maharage. Mwenye shamba alikuwa mama Mkongomani kutoka Kivu. Alitupokea kwa heshima, akamletea shangazi kiti. Tulipomweleza shida yetu, alitafakari kidogo.

"Mawe mingi tulivunja, juu ya kujenga," alisema. "Lakini kuko moja tuliacha. Bwana yangu alisema, hii jiwe iko na kovu, mutu aliigonga zamani. Pengine iko na mambo ya wenyewe. Tunalima tu pembeni."

Alituongoza. Jiwe lilikuwa katikati ya maharage, nusu limezama, madoa ya machungwa juu yake kama niliyoyaacha. Kwenye ukingo mmoja palikuwa na pengo. Nilitegemea likeni zingekuwa zimelifunika, maana ni miaka mingi. Hazikuwa zimelifunika. Palikuwa na viduara vichache tu vya kijivu, kikubwa kati yake hakifiki kifungo cha shati. Nikatoa kipande namba 7 kwenye bahasha, nikakiweka kwenye pengo. Kikakaa. Mstari wa doa la machungwa uliokatika mwaka 1997 ukaungana na mwenzake.

Shangazi hakuweza kuona vizuri, basi akapitisha kidole kwenye ule muungano. Kisha akaketi chini kwenye udongo, akaanza kumsimulia mama yake habari za kaka, jinsi alivyofariki na kwa nini yeye hakwenda kumzika. Mama Mkongomani akaondoka kimya, akarudi na maji ya kunywa.

Tumekwisha kuandika barua kwa ofisi ya makazi kuomba ruhusa ya kuzungushia mawe mahali pale. Mwenye shamba amesema yeye hana neno, na kwamba hata sasa halimi pale. Ndugu wa Rwanda wanachanga.

Vipi kuhusu sanduku?

Wengine waliniuliza kwa nini sikulivusha. Wenye mizigo mpakani wanajua: hata mmea mkavu una karatasi zake, cheti cha afya ya mimea na kibali cha nchi ulikotoka. Dunia imekubaliana juu ya mambo hayo katika Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ili mali ya asili isitoke nchi moja kwenda nyingine kimyakimya kama zamani. Mimi ni mwalimu. Siwezi kufundisha watoto uaminifu kisha nikaficha sanduku chini ya kiti cha basi. Sampuli zenye lebo kamili nimezitenga ili kuwaandikia watu wa herbariamu ya Makerere, na kama wakikubali, nakala ziombewe kibali ziende Huye. Zisikae mahali pamoja. Berlin ilitufundisha.

Malele ya yule dereva nayo yamepata bahasha yake. Shangazi hakulijua jina la dereva wala mti, basi nimeandika pwani ya Kenya, upande wa Malindi, na kwamba habari imetoka kwa mdomo wa aliyeyapokea. Si lebo kamili, lakini ni ya kweli.

Kwa wenzangu waliorudi, ombi langu ni dogo. Wazee wetu waliobaki ng'ambo, Ruti, Kyangwali, Ngara, Goma, wanazidi kuzeeka. Wao ndio daftari. Kama una picha, ufunguo, kipande cha kitambaa au hati iliyokatika, mpelekee mzee aishike, na wewe uwe na kalamu. Andika ni ya nani, ilitoka wapi, mwaka gani. Tengeneza nakala mbili, moja ibaki kwake.

Kile kipande cha jiwe sikukiacha Nakivale. Shangazi mwenyewe ndiye aliyenirudishia, akasema jiwe haliwezi kuhama lakini watu wanaweza kulisahau tena. Nimekitia kwenye bahasha mpya. Lile neno "Nyumbani" la mwaka 1997 sikulifuta. Nimeliacha juu, na chini yake nimeandika:

Na. 7. Juu ya jiwe la kaburi la bibi, Nakivale, Isingiro (zamani Mbarara), Uganda. Lilichukuliwa 1997. Mahali pamethibitishwa na binti yake.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari. Alisoma Nakivale na Mbarara.